Kasha la kompyuta lisilo na shubaka la diski: maana, matumizi na uchaguzi

Makala haya yanafafanua msamiati anaouhitaji mtu anayechagua kasha la kompyuta ya mezani lisilo na nafasi ya kuwekea kisomadiski, yaani kifaa cha kusomea CD na DVD. Yanawalenga wanafunzi, walimu na wafasiri wa hati za ununuzi na miongozo ya vifaa. Hoja yake kuu ni kwamba katika uwanja huu upatanisho wa kisarufi una bei: kiambishi kimoja kikikosewa, mnunuzi huletewa kitu asichokitaka, na muuzaji hana kosa.

1. Chanzo cha mjadala

Nikiwa Morogoro, nilimwandikia ndugu yangu aliyekuwa Dar es Salaam ujumbe mfupi nikimwomba apite Kariakoo aninunulie "sipiyu nzuri ya mezani isiyo na sehemu ya CD". Nilichokusudia ni kasha tupu la chuma, kwa kuwa vifaa vya ndani nilikuwa navyo tayari. Kilichoshushwa kwenye basi pale Msamvu kilikuwa kompyuta nzima iliyokwisha kutumika. Kisomadiski chake kilikuwa kimechomolewa na tundu lake limezibwa kwa kipande cha plastiki. Nilipolalamika, ndugu yangu alinisomea ujumbe wangu neno kwa neno. Nilitaka sipiyu: ameleta. Nilitaka isiyo na sehemu ya CD: haisomi CD. Nilitaka iwe nzuri: inawaka.

Hakukuwa na la kumjibu. Ujumbe ulikuwa na mapengo matatu, na yote yalikuwa ya lugha. Kwanza, nililiita kasha kwa jina la kitu kilichomo ndani yake. Pili, nilisema "sehemu" pasipo kubainisha kama ni kifaa au ni nafasi ya kifaa. Tatu, nilitumia "isiyo", kiambishi kinachorejelea kompyuta, badala ya "lisilo", kinachorejelea kasha. Tutayachukua moja baada ya jingine.

2. Kasha

kasha nm ma- [li-/ya-] 1. sanduku kubwa la mbao au chuma la kuhifadhia nguo, vyombo au vitu vya thamani. 2. (kompyuta) umbo la nje la chuma, plastiki au kioo linalobeba na kukinga vifaa vya ndani vya kompyuta ya mezani.

Neno hili lina asili ya Kireno, nalo limezoeleka mno pwani kwa maana ya sanduku la nguo za bibi harusi. Maana ya pili ni upanuzi wa kawaida wa ile ya kwanza: kitu chenye kuta, mlango na vyumba vya ndani.

Madukani neno linalotawala ni "sipiyu". Kwa hakika herufi hizo tatu ni kifupisho cha jina la kichakato kikuu, kipande kidogo cha silikoni kinachokaa kwenye ubao mama na kufanya hesabu kuu za kompyuta. Kuita kizima kwa jina la sehemu si dhambi; Kiswahili hufanya hivyo kila siku, kama tunaposema "kichwa" kwa maana ya mtu. Tatizo huzuka pale ambapo kizima na sehemu vyote vinauzwa, tena katika duka moja. Anayeomba "sipiyu" anaweza kupewa kichakato kinachoenea kiganjani, au kompyuta nzima. Anachoweza kukikosa kwa urahisi zaidi ni kasha tupu.

Baadhi ya mafundi husema "kava" au "gamba". "Kava" lina kasoro kwa sababu hutumika pia kwa kifuniko cha ubavuni, ambacho ni sehemu tu ya kasha. "Gamba" linaeleweka, ila hubeba picha ya kitu kinachoshikamana na mwili na kukua nao, ilhali kasha hufunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa. "Sanduku" linakubalika, lakini dukani huchanganywa na boksi la karatasi ngumu ambamo bidhaa imefungwa. Kwa hati rasmi tunapendekeza kasha.

3. Shubaka, kidaka, saraka, ghuba

Nafasi iliyoachwa mbele ya kasha ili kifaa kichomekwe ndani yake huwasumbua wafasiri. Katika kazi za wanafunzi nimekutana zaidi ya mara moja na neno "ghuba". Hilo ni kosa la kufuata kamusi bila kufuata kitu chenyewe. Ghuba ni sehemu ya bahari iliyoingia nchi kavu, na kompyuta haina ufuo.

Kiswahili kinalo neno la zamani linalofaa zaidi:

shubaka nm ma- [li-/ya-] 1. nafasi iliyoachwa katika unene wa ukuta, aghalabu kwa ajili ya kuwekea taa, vyombo au vitabu. 2. (kompyuta) nafasi yenye vipimo maalumu katika kasha, ya kupachikia kisomadiski au diski ya kuhifadhia data.

Neno limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya dirisha. Aliyeingia katika nyumba za kale za mawe za Unguja au Lamu ameona mashubaka: matundu yaliyopangwa ukutani, kila moja na kazi yake. Sifa tatu za shubaka la ukutani zinapatikana pia katika kasha. Ni nafasi na si kitu. Ina vipimo vyake. Na huweza kubaki tupu bila kuharibu ukuta. Sifa ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi hapa.

Maneno mengine yanayoshindana na hili ni haya:

kidaka nm vi- [ki-/vi-]. Nalo lina maana ya tundu la ukutani, na Lamu husikika kama "zidaka" katika wingi. Kasoro yake ni kuwa na maana nyingine nyingi, zikiwamo nazi changa na kinyama kinachoning'inia kooni.

saraka nm [i-/zi-]. Kwa asili ni mtoto wa meza, yaani droo. Lingefaa, lakini tayari limechukuliwa na lugha ya programu kwa maana ya mahali pa kupangia mafaili. Katika mwongozo mmoja, "fungua saraka" isingejulikana kama ni kwa puku au kwa bisibisi.

nafasi nm [i-/zi-]. Si kosa, na katika mazungumzo linatosha. Katika hati ya ununuzi ni pana mno, kwa kuwa "kasha lisilo na nafasi" huweza kusomeka kama kasha dogo, lenye kubana.

4. Kisomadiski na diski

kisomadiski nm vi- [ki-/vi-] kifaa cha kompyuta kinachosoma, na aghalabu kuandika, diski za mwanga kama CD na DVD.

Neno limeundwa kwa kielelezo cha kipazasauti na kinasasauti: kiambishi ki-, mzizi wa kitenzi, kisha nomino inayotendwa. Ubora wake ni kutenganisha kifaa na diski yenyewe. Anayesema "CD yangu imeharibika" hajulikani kama anazungumzia kisahani au mashine ya kukisoma, na gharama za marekebisho hayo mawili hazifanani.

Katika uundaji wa istilahi za kompyuta, maneno ya kwenye skrini yametangulia maneno ya vyuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kazi za namna hiyo zilihitaji kwanza maneno kama faili, hariri na hifadhi. Maneno ya parafujo, feni na mashubaka yameachiwa mafundi na wauzaji. Ndiyo maana makala haya yanaanzia dukani.

5. Kwa nini shubaka limetoweka

Shubaka la kisomadiski hutajwa kwa kipimo cha inchi 5.25. Kipimo hicho si cha CD. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina kipenyo cha milimita 120, yaani chini ya inchi tano. Inchi 5.25 ulikuwa upana wa diski laini za miaka ya 1970. Diski hizo zilitoweka, lakini jina la nafasi yake likabaki, kama vile kituo cha basi kinavyoendelea kuitwa kwa jina la mwembe uliokwisha kukatwa. Kifaa kinachoingia humo kina upana wa takriban milimita 146 na kimo cha milimita 41 hivi.

Sababu za kutoweka ni mbili. Ya kwanza ni ujazo. CD moja hubeba takriban megabaiti 700 na DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, ilhali flashi ya kawaida leo hubeba gigabaiti 64. Ya pili ni nafasi. Mashubaka mawili hula zaidi ya milimita 80 za uso wa mbele wa kasha, mahali ambapo feni ingeingiza hewa. Yakiondolewa, uso wa mbele huweza kubeba feni tatu za milimita 120 zikipangwa wima, na kadi ndefu ya michoro hupata pa kupita.

6. Upatanisho wenye bei

Linganisha virai hivi viwili:

(a) kasha la kompyuta lisilo na shubaka la kisomadiski
(b) kasha la kompyuta isiyo na kisomadiski

Katika (a), li- ya "lisilo" inarejelea kasha. Kinachokanushwa ni umbo: chuma chenyewe hakikuchongwa nafasi hiyo. Katika (b), i- ya "isiyo" inarejelea kompyuta. Kinachokanushwa ni kuwapo kwa kifaa, na kasha linaweza kuwa na mashubaka hata matatu, yote matupu. Ndugu yangu alinunua (b). Mimi nilikuwa na (a) kichwani.

Kiswahili kina bahati hapa. Ngeli zetu hubainisha kirejelewa bila kuhitaji maelezo ya ziada, na mfasiri anayezembea katika "lisilo" na "isiyo" anaitupa bahati hiyo. Kwa uangalifu huohuo, tofautisha hali tatu za kasha:

kasha lenye shubaka wazi: nafasi ipo na kifaa kinaweza kuwekwa wakati wowote.
kasha lililozibwa shubaka: nafasi ipo nyuma ya kifuniko, kikiondolewa, shubaka linatumika.
kasha lisilo na shubaka: nafasi haipo na haiwezi kuongezwa bila kukata chuma.

Umbo "lisilokuwa na" hukubalika badala ya "lisilo na". Lakini epuka "kasha bila shubaka" katika hati rasmi, kwa kuwa huweza kufahamika kwamba shubaka ni kipande kinachouzwa peke yake na muuzaji hakukitoa.

7. Kuchagua: mambo ya kutaja

Mnunuzi anayejua maneno bado anapaswa kujua cha kupima. Mambo yafuatayo yatajwe kwa vipimo, si kwa sifa kama "kubwa" au "ya kisasa".

Ubao mama. Kasha huchaguliwa kwa kufuata ubao mama. Ukubwa unaokutwa mara nyingi ni ATX (milimita 305 kwa 244), microATX (244 kwa 244) na Mini-ITX (170 kwa 170). Kwa kawaida kasha la ubao mkubwa hupokea ubao mdogo. Kinyume chake hakiwezekani.

Kimo na urefu wa ndani. Taja kimo cha kipoza joto kinachokaa juu ya kichakato, na urefu wa kadi ya michoro kama ipo. Kukosa shubaka huongeza nafasi ya mbele, lakini hakuongezi upana wa kasha, na upana ndio unaoamua kama kipoza joto kitaenea.

Kigavi cha umeme. Chenye umbo la ATX kina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Makasha madogo hudai kile cha SFX, ambacho ni kidogo zaidi. Vyote viwili viweze kupokea volti 230.

Mashubaka ya diski za kuhifadhia. Kutokuwa na shubaka la inchi 5.25 hakumaanishi kutokuwa na mashubaka kabisa. Hesabu yale ya inchi 3.5 na ya inchi 2.5. Hifadhi za siku hizi zenye umbo la kijiti, upana wa milimita 22 na urefu wa kawaida wa milimita 80, hubanwa juu ya ubao mama wenyewe na hazihitaji shubaka.

Hewa na vumbi. Hapa mahali pana sauti. Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake ni cha vumbi. Anayeishi humo achague uso wa mbele wenye wavu na chujio la vumbi linalochomoka kuoshwa. Nguvu ya feni zinazoingiza hewa ipite ile ya feni zinazotoa, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya vumbi kuingia humo. Kule juu Mgeta joto si tishio kubwa. Kwenye miteremko ya mashariki, upande wa Matombo na Kinole, unyevu ndio wa kuogopwa. Kompyuta isikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa nje.

Milango ya USB ya mbele. Kasha lisilo na shubaka huacha kazi yote ya kuingiza na kutoa data kwa milango hii. Miwili ndiyo kiwango cha chini.

8. Kabla ya kuliacha shubaka

Kasha lisilo na shubaka si kosa kwa mtu asiye na diski. Kwa mwalimu, mtafiti au ofisi yenye kumbukumbu za zamani, swali la kwanza ni jingine: nina diski ngapi, na ni zipi ambazo hazina nakala?

Sikuwa nimejiuliza. Kabatini mwangu mlikuwa na CD zipatazo sitini za sauti za Kiluguru, zilizorekodiwa kwa miaka kadhaa katika vijiji vya Mgeta, Matombo na Kinole: hadithi, vitendawili, majina ya mimea na ya vijito. Nilikuwa tayari kununua kasha lisiloweza kuzisoma, kwa sababu tu lilipendeza na lilipitisha hewa vizuri.

Ile kompyuta iliyoletwa kimakosa ndiyo iliyoniokoa. Kwa kuwa shubaka lake lilikuwa limezibwa tu, nilibandua plastiki, nikapachika kisomadiski cha mitumba na kuanza kunakili. Kazi ilichukua jioni nyingi. CD mbili hazikufunguka kabisa. Zilikuwa za aina inayoandikwa nyumbani, ambayo hutegemea tabaka la rangi linalofifia kwa joto na mwanga, na kabati lilipigwa na jua la mchana. Katika mojawapo ya hizo mbili palikuwa na sauti ya bibi wa Kinole aliyenitajia majina ya ndizi, moja baada ya jingine, akicheka kila nilipolikosea. Amekwisha kufariki. Nimebaki na majina niliyoyaandika daftarini, lakini daftari haliwezi kunieleza matamshi yake.

Zilizosalia, ukizijumlisha, hazifikii gigabaiti 45. Zimeingia katika flashi moja, na nakala ya pili imewekwa mbali na ya kwanza.

Kwa hiyo utaratibu tunaoupendekeza ni huu: hesabu diski, nakili, hakiki nakala kwa kuisikiliza au kuifungua, kisha ndipo uchague kasha. Kwa diski chache zitakazojitokeza baadaye, kisomadiski cha nje kinachochomekwa kwenye mlango wa USB kinatosha, tena huweza kutumiwa na kompyuta kadhaa kwa zamu. Mwenye diski nyingi zisizonakiliwa bado anahitaji kasha lenye shubaka, na asione haya kuliomba.

9. Mfano wa maelezo ya ununuzi

Yasiyofaa: Sipiyu nzuri ya mezani isiyo na sehemu ya CD.

Yanayofaa: Kasha tupu, jipya, la kompyuta ya mezani, lisilo na shubaka la kisomadiski, linalopokea ubao mama wa microATX na kigavi cha umeme cha ATX, lenye mashubaka yasiyopungua mawili ya diski za inchi 2.5, uso wa mbele wenye wavu na chujio la vumbi linalochomoka, lenye feni mbili za milimita 120 za kuingiza hewa na moja ya kuitoa, lenye milango miwili ya USB mbele. Vifaa vya ndani havihitajiki.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi mfano wa kwanza na kuwataka waorodheshe vitu vyote ambavyo muuzaji mwaminifu angeweza kuwaletea. Kisha wauandike upya hadi kibaki kitu kimoja tu.

Mimi nilituma maelezo hayo ya pili miezi kadhaa baadaye, kwa ndugu yuleyule. Safari hii lilishushwa Msamvu kasha tupu, jepesi, ambalo uso wake wote wa mbele ni wavu. Ile kompyuta ya kwanza sijaiuza. Iko chini ya meza yangu, na shubaka lake sijaliziba tena, kwa kuwa kila muhula hutokea mwanafunzi au mwenzangu anayebisha hodi akiwa na CD mkononi.

Tazama pia: diski, feni, kichakato, kigavi, -si-o (kirejeshi kanushi), ubao mama.